Wahudumu wamefundishwa demensia, mbona hakuna kilichobadilika?

Swali: "Mimi ni msimamizi wa zamu katika makao ya wazee. Karibu nusu ya wakazi wetu wana demensia. Mwaka jana wahudumu wote walikaa darasani siku nzima, wakafundishwa aina za ugonjwa huu na sehemu za ubongo zinazoathirika, wakapewa vyeti. Wiki iliyofuata mambo yakawa yaleyale. Bibi mmoja anapigana kila akipelekwa kuoga. Mwingine jioni anamlilia mama yake mpaka anachoka. Wahudumu wanasema, 'Ndivyo ugonjwa ulivyo.' Sasa nimepewa jukumu la kuandaa mafunzo mapya, na uongozi umenipa siku moja. Nifundishe nini, na nifanyeje yasiishie darasani?"

Jibu:

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishika ni yale maneno ya wahudumu wako: "Ndivyo ugonjwa ulivyo." Mafunzo ya mwaka jana yaliishia hapo, na ya mwaka huu yaanzie hapo hapo. Mhudumu akishaamini kwamba kelele, ngumi na machozi ni ugonjwa tu, hana tena sababu ya kuuliza chochote. Anamaliza kazi, anajaza fomu, anaingia chumba kinachofuata. Somo lililomjaza majina ya sehemu za ubongo linaweza hata kumzidishia imani hiyo, maana sasa ana maneno ya kitaalamu ya kufunikia asichokielewa.

Nimewafundisha wahudumu wa wazee kwa miaka mingi, na ninaweza kusema bila kusita kwamba wengi wao hawana upungufu wa huruma. Wanakosa vitu viwili. Cha kwanza ni mazoea ya kujiuliza "kwa nini sasa, na kwa nini mikononi mwangu?" kila mkazi anapobadilika. Cha pili ni ruhusa ya kulifanyia kazi jibu wanalolipata. Hayo mazoea unaweza kuyajenga wewe. Ruhusa lazima itoke kwa uongozi, na nitalirudia jambo hilo mbele, kwa kuwa mafunzo mengi hufia hapo.

Kwanza hiyo siku moja. Usiipokee ilivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Claire Surr walichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu mafunzo ya demensia kwa watoa huduma, wakitafuta ni yapi huleta mabadiliko. Yaliyofaa zaidi yalihusu kazi halisi ya mwanafunzi, yalimtaka ashiriki na kujaribu mambo, yaliongozwa ana kwa ana na mtu mwenye uzoefu, yalifikia jumla ya saa 8 au zaidi, na kila kipindi hakikupungua dakika 90. Kumpa mtu makaratasi akasome peke yake hakukusaidia. Kwa hiyo waambie viongozi wako kwamba unazihitaji saa zilezile walizokupa, ila uzikate vipande vinne vya saa mbili mbili, wiki moja kati ya kimoja na kingine. Katikati ya vipindi kila mhudumu atakuwa na jambo dogo la kujaribu zamuni, kisha alilete darasani kama lilivyotokea. Kipindi cha pili kikianza na "nilijaribu, ikashindikana," umeshafika mbali kuliko siku nzima ya kusikiliza.

Waalike pia mpishi, msafishaji na mlinzi wa mlangoni. Anayepiga deki huongea na wakazi kila siku, pengine kuliko muuguzi. Wahudumu wa usiku nao wasisahauliwe. Mara nyingi vipindi hupangwa mchana, wakati wao wamelala, na ndio wanaobaki peke yao na mkazi aliyeamka saa nane za usiku akitafuta mlango wa kutokea.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, nusu saa inatosha, mradi useme yanayomsaidia mhudumu kesho yake asubuhi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, na kila mwaka hupatikana wagonjwa wapya karibu milioni 10. Alzaima ndiyo aina inayoongoza, ikiwa na asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Waeleze kwamba demensia si sehemu ya kawaida ya kuzeeka, ingawa umri huongeza hatari yake. Lakini kazi yako kubwa katika nusu saa hiyo ni kuwatoa kwenye wazo kwamba demensia ni kusahau tu. Lugha yetu yenyewe inatusukuma huko, kwa sababu wengi tunauita "ugonjwa wa kusahau," na mhudumu anayeujua kwa jina hilo anashangaa kumwona mzee anayekumbuka majina ya watoto wake wote akishindwa kuvaa shati.

Demensia hugusa namna ya kupanga hatua za jambo, kupata maneno, kupima umbali, kutambua kilicho mbele ya macho. Zulia jeusi laweza kuonekana shimo. Sakafu inayong'aa yaweza kuonekana maji. Sahani nyeupe juu ya meza nyeupe hupotea machoni, na mkazi anaandikiwa "amekataa kula." Aina nazo zina mwendo wake. Inayotokana na mishipa ya damu mara nyingi hushuka kwa ngazi: leo yuko sawa kama jana, kisha ghafla anapoteza kitu. Yenye miili ya Lewy, yaani vidonge vidogo vya protini vinavyojikusanya ndani ya chembe za ubongo, huja na mabadiliko makubwa ndani ya siku moja na kuona watu au wanyama wasiokuwepo. Inayoanzia mbele na pembeni mwa ubongo yaweza kumbadilisha mtu tabia au usemi huku kumbukumbu yake ikiwa bado nzuri, na mara nyingi huwapata walio chini ya miaka 65. Inatosha. Mhudumu hahitaji zaidi ya hapo ili aache kumwambia mzee "unafanya makusudi."

Baada ya hapo nenda kwenye maneno. Nafundisha hili kabla ya mbinu yoyote, kwa kuwa halina gharama na hubadilisha chumba siku hiyo hiyo. Waombe wahudumu waandike ubaoni majina yote wanayoyatumia wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Usiwakaripie, waache waandike. Utaona "wale wa kulishwa," "wa kubadilishwa," "yule wa chumba cha nne," "mkorofi," "mzururaji," "kabibi ketu." Tazameni pamoja kila jina linafanya nini. "Wa kulishwa" ni mtu aliyebakizwa tumbo. "Kabibi ketu" limetoka kwenye mapenzi, sina shaka, lakini lile ka- limemfanya mwanamke aliyelea watu na kuendesha nyumba yake kuwa kitu kidogo. Na hata "Bibi" lenyewe, ambalo ni neno la heshima, likitumiwa kwa wakazi wote bila kuuliza linaweza kumfuta mtu. Nimewahi kumwona mkazi asiyegeuka kabisa akiitwa Bibi. Siku mhudumu mmoja alipomwita "Mwalimu," aliinua uso na kuuliza, "Darasa gani?"

Tom Kitwood, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Bradford nchini Uingereza hadi kifo chake mwaka 1998, ndiye aliyeufanya ulimwengu wa huduma uangalie mambo haya. Aliueleza utu kuwa hadhi ambayo mtu hupewa na wenzake, ndani ya uhusiano. Waswahili tulishasema mtu ni watu, kwa hiyo wazo hilo halitawashinda wahudumu wako. Kitwood pia aliorodhesha namna tunavyouvunja utu huo bila nia mbaya: kumdanganya mtu ili atii, kumtendea kama mtoto, kumwendesha kwa kasi asiyoiweza, kuongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo, kupuuza anachohisi, kumfanyia kitu bila kumwambia. Wasomee orodha hiyo polepole. Watakaa kimya, kwa kuwa kila mmoja ameshafanya angalau mambo mawili wiki hiyo. Waambie kweli kwamba na wewe umeyafanya. Kitwood mwenyewe hakuwalaumu wahudumu kuwa watu wabaya. Alisema ni mazoea ya mahali, yanayorithiwa na kila anayeingia.

Dawn Brooker, aliyeendeleza kazi hiyo, alipendekeza mwaka 2004 kwamba huduma inayomweka mtu mbele ina nguzo nne: kumthamini mwenye demensia na wanaomhudumia, kumchukua kila mmoja kuwa mtu wa peke yake, kuutazama ulimwengu kutoka alipo yeye, na kumpa mazingira ya kijamii yanayomshikilia. Ninaipenda sana nguzo ya tatu. Ukiwa na saa moja tu ya kufundisha, fundisha hiyo.

Sasa tumchukue bibi yako wa bafuni, maana hapo ndipo mengi hujifunzwa.

Fanyeni zoezi hili kwa hiari ya kila mtu, na neno moja la "basi" liwe linalisimamisha. Mhudumu mmoja akae kitini amefumba macho. Mwenzake amjie kwa nyuma bila kusema kitu, ampanguse uso kwa kitambaa chenye majimaji, kisha aanze kuvuta mkono wa sweta yake. Sekunde kumi zinatosha. Halafu muulize aliyekaa: "Mkono wako ulitaka kufanya nini?" Nimefanya zoezi hili mara nyingi sana, na jibu ni moja: ulitaka kusukuma. Mwache aliseme hilo kwa mdomo wake mwenyewe. Tangu dakika hiyo bibi yule hapigani tena. Anajilinda.

Kisha orodhesheni pamoja yanayoweza kuwa yanamtisha au kumuumiza. Chumba ni baridi. Bega lina maumivu ya viungo na mnaliinua juu ili mvue nguo. Maji ya bomba la juu yanampiga usoni ghafla, hajui yametoka wapi. Haoni kina cha maji, hajui mguu utatua wapi. Anavuliwa nguo zote na mtu ambaye, kwa jinsi anavyoona yeye, hajawahi kukutana naye. Wahudumu wawili wanaongea mambo yao juu ya kichwa chake. Na pengine maisha yake yote alioga jioni, nyinyi mnamwamsha kumwogesha alfajiri.

Kila sababu ina dawa yake, na karibu zote ni rahisi. Pashani chumba joto kabla hajaingia. Mfunikeni taulo kubwa na kuosha kiungo kimoja kimoja chini yake, asikae uchi hata dakika moja. Anzeni na miguu, uso na nywele viwe vya mwisho, au nywele zioshwe siku nyingine kabisa. Mpeni kitambaa mkononi ajipanguse mwenyewe anapoweza, hata kama anapangusa mahali pamoja tu. Mweleze kila hatua kwa sentensi moja fupi, kisha ngoja. Hesabu kimya kimya hadi kumi kabla ya kurudia, maana ubongo wake unahitaji muda huo, na ukirudia kwa maneno mengine unamlazimisha aanze upya. Akikataa, ondoka kwa upole, urudi baada ya nusu saa. Kama kuingia bafuni kwenyewe ndiko kunakomtisha, anaweza kuoshwa kitandani kwa mataulo yenye maji ya uvuguvugu na sabuni isiyohitaji kusuuzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika katika makao ya wazee nchini Marekani, ulilinganisha njia hizi mbili, yaani kuoga bafuni kwa kufuata hali na matakwa ya mkazi, na kuoshwa kitandani kwa taulo, na uogeshaji wa kawaida. Fadhaa na mapigano vilipungua sana kwa njia zote mbili.

Hapo sasa swali la ruhusa linajitokeza. Mhudumu wako atakuuliza, na ana haki ya kuuliza: "Nikiondoka nikarudi baada ya nusu saa, nani atawaogesha wengine sita kabla ya saa mbili?" Ukikosa jibu la swali hilo, mafunzo yamekwisha. Kaa na uongozi kabla ya kipindi cha kwanza, uwaulize ni nani aliyeamua kwamba wakazi wote wawe wameoga kabla ya saa mbili asubuhi. Mara nyingi hakuna anayekumbuka. Ni ratiba iliyoachwa na msimamizi aliyeondoka zamani. Omba iandikwe, kwa saini, kwamba mhudumu anaweza kuahirisha kuoga kwa sababu ya hali ya mkazi, na hataitwa mvivu. Nimeona karatasi ya mistari mitatu kama hiyo ikifanya kazi kuliko mafunzo ya siku tatu.

Bibi wa pili, anayemlilia mama yake, ni somo la namna nyingine. Wahudumu huwa na majibu mawili. Mmoja anasema ukweli: "Bibi, mama yako alishafariki." Kwa bibi huyo habari hiyo ni mpya kila jioni, na kila jioni anafiwa upya. Mwingine anasema, "Atakuja kesho," bibi anatulia kwa dakika tano, kisha anakwenda kukaa mlangoni kumsubiri. Ninavyoona mimi, yote mawili yanalijibu swali na kumwacha aliyeuliza. Mtu anayemtafuta mama yake jioni, mara nyingi anatafuta usalama, au mtu anayemjua, au mahali anapopafahamu. Kaa chini, macho yenu yawe sawa. Mwambie: "Unamtafuta mama." Usiulize "unakumbuka?", kwa kuwa swali hilo linampa mtihani anaoufeli. Sema, "Niambie, mama alikuwa mtu wa namna gani?" Wengi huanza kusimulia, na wakati wa kusimulia mama anakuwa karibu kidogo.

Lakini akikutazama machoni na kukuuliza waziwazi, "Mama yangu amekufa?", mimi simdanganyi. Namjibu kwa upole, namshika mkono kama anapenda kushikwa, na ninabaki naye. Wapo wenzangu ninaowaheshimu ambao wangejibu tofauti. Lijadilini darasani bila kulifunga haraka, na liamueni kwa kila mkazi pamoja na familia yake.

Halafu chunguzeni hiyo jioni yenyewe. Inaanza saa ngapi hasa? Amekwenda choo? Ana njaa? Taa zimewashwa, au vivuli vimeshaanza kuingia ukumbini? Na kuna jambo moja ambalo makao mengi hayalioni: saa za kubadilishana zamu. Watu wanachukua mikoba, wanavaa viatu vya kutokea, wanaagana kwa sauti mlangoni. Mkazi anaona kila mtu anakwenda kwao, na yeye pia anataka kwenda kwao. Nimeshuhudia ukumbi ukitulia kwa sababu tu wahudumu walianza kuagana kwenye chumba cha nyuma.

Kuna kipindi ambacho usikikate hata ukibanwa na muda, nacho ni kipindi cha mabadiliko ya ghafla. Mkazi aliyebadilika ndani ya saa chache au siku moja mbili, akawa amechanganyikiwa kuliko kawaida yake, au akazubaa na kulala mno, huyo usidhani amezidiwa na demensia tu. Kwa kawaida demensia haiendi kasi hiyo, na hata kwa aina zinazobadilika ghafla, sababu nyingine zitafutwe kwanza. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, choo kimefunga, ameanguka bila kuonekana, au dawa mpya haijapatana naye. Aonwe na daktari au muuguzi siku hiyo hiyo. Wanaozubaa ndio hupitwa zaidi, kwa kuwa hawasumbui mtu.

Maumivu nayo hujificha. Mkazi asiyeweza tena kusema "meno yananiuma" atasema kwa kupiga, kwa kukataa chakula, kwa kukunja uso. Kuna kipimo kiitwacho PAINAD, kilichotengenezwa kwa watu kama hawa, kinachoangalia mambo matano: kupumua, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anabembelezeka. Wahudumu wanaweza kujifunza kukitumia ndani ya saa moja.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya kinachofuata pale ambapo haliulizwi: dawa za kumtuliza. Aprili 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu dawa za saikosisi za kizazi kipya, yaani dawa za maradhi ya akili ya kuona au kusikia yasiyokuwepo, kwa wazee wenye demensia. Katika majaribio 17 iliyoyapitia, yaliyodumu kwa kawaida wiki 10 hivi, vifo vilikuwa karibu asilimia 4.5 kwa waliopewa dawa na 2.6 kwa ambao hawakupewa. Kwa wenye miili ya Lewy hatari ni kubwa zaidi, kwani baadhi yao hudhurika nazo vibaya sana. Haina maana kwamba hakuna mgonjwa anayezihitaji, na mhudumu asiziache au kuzipunguza mwenyewe. Ina maana kwamba kabla daktari hajaombwa dawa, mtu awe ameshauliza kuhusu maumivu, choo, njaa, hofu na upweke. Na mkazi anayezitumia tayari, ombeni daktari azipitie upya mara kwa mara.

Hayo maswali yaingie kwenye daftari la zamu. Chukua taarifa moja ya kweli, futa majina, muiandike upya pamoja. "Bibi amekuwa mkorofi asubuhi" haimsaidii mtu wa zamu inayofuata. "Saa moja asubuhi, tulipomvua blauzi kwa kuinua mkono wa kulia, alipiga kelele akanisukuma, tulipoacha na kumfunika taulo alitulia baada ya dakika mbili hivi" ina kilichotangulia, tukio lenyewe, na kilichofuata. Mtu wa mchana akiisoma anajua pa kuangalia: bega la kulia.

Nije kwenye historia ya maisha. Kila mtu anaifundisha, na makao mengi yanayo mafaili yake, yamefungiwa kabatini ofisini. Ninachokuomba ni ukurasa mmoja unaosomeka kwa dakika mbili, uandikwe pamoja na mkazi mwenyewe kadiri anavyoweza na familia yake, na ukae mahali mhudumu anaweza kuufikia bila wageni kuusoma. Jina analopenda kuitwa. Kazi aliyoifanya mikono yake. Watu aliowapenda. Anaamka mapema au anachelewa. Kinachomtisha. Kinachomtuliza. Familia nyingine itataka kuandika sifa tu. Waulize pia yaliyomuumiza, maana ndiyo hurudi usiku.

Nilihudumia wakati fulani mama mmoja aliyekuwa akirarua mashuka. Akipata nguo ya mkazi mwenzake, alikuwa anaishika pindo, anaigeuza, anavuta nyuzi mpaka ishonoke. Daftari zima lilijaa neno "mharibifu," na kulikuwa na mazungumzo ya kumwombea dawa. Binti yake alipokuja tulimwuliza mama alifanya kazi gani. Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa anakagua mshono, na mshono mbaya aliufumua, kama alivyofanya maisha yake yote. Tulimpa kikapu cha vitambaa na nguo chakavu, mezani karibu na dirisha. Kuna siku alikaa hapo asubuhi nzima, akitutolea vitambaa kimoja kimoja na kutuonyesha kosa. Kuna siku aliurudia mlango wa kabati la mashuka, kikapu kisimshughulishe kabisa. Nalisema hili la pili makusudi. Wahudumu wakiahidiwa kwamba kumjua mtu kutamaliza matatizo yote, wataacha siku ya kwanza itakapofeli.

Na wao pia ni watu. Anayepigwa kofi saa moja asubuhi hawezi kuwa mpole saa tatu kama hakuna aliyemwuliza hali yake. Usiruhusu mtu yeyote kusema "ndiyo kazi yenyewe." Tenga dakika kumi mwisho wa zamu, mkae, kila mmoja aseme lililomlemea na lililokwenda vizuri. Nguzo ya kwanza ya Brooker inamtaja mhudumu pamoja na mkazi, na haikuwekwa hapo kwa heshima tu.

Ili mambo yasife ukiwa likizo, chagua vinara wawili katika makao yako, wahudumu wa kawaida ambao wenzao wanawasikiliza, uwafundishe kwa kina zaidi. Utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha makao 69 na wakazi zaidi ya 800 kwa miezi 9, ulifanya hivyo hivyo: vinara wawili kila makao, mafunzo ya kumweka mtu mbele, muda wa kila wiki wa maongezi na shughuli anazozipenda mkazi, na kuzipitia upya dawa za saikosisi. Maisha ya wakazi yaliboreka na fadhaa ikapungua. Muda uliolengwa kwa kila mkazi ulikuwa saa moja tu kwa wiki. Peleka namba hiyo kwenye kikao na uongozi. Saa moja kwa wiki ni ombi ambalo ni vigumu kulikataa.

Uongozi nao utakuuliza utajuaje kama mafunzo yamefaa. Usitumie mtihani wa karatasi. Kaa kwenye kona ya ukumbi nusu saa kabla ya mafunzo, na nusu nyingine miezi mitatu baadaye, siku na saa zinazofanana. Kila baada ya dakika tano andika mkazi uliyemchagua yuko katika hali gani, na kama kuna aliyemsemesha kwa jambo lisilo kazi, yaani lisilo "fungua mdomo" au "inuka." Hesabu pia mara ambazo kuoga kulikataliwa, na dozi za kutuliza zilizotolewa kwa dharura. Mara ya kwanza huenda ukaumia kwa utakachokiona. Usikifiche.

Usisubiri mafunzo yaanze. Kesho jioni, robo saa kabla ya wakati bibi yule huanza kumwita mama yake, mpe mhudumu mmoja ruhusa ya kuacha kila kitu na kukaa kando yake. Amwombe amsimulie habari za mama. Kisha aandike daftarini, kwa maneno ya bibi mwenyewe, atakachoambiwa.